Pumba za mpunga, miti ya pamba au katani: kipi kikakamaze nguzo za plastiki iliyorejelezwa?

Karakana Nyakato (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, salamu kutoka Mwanza. Karakana yetu inayeyusha madumu, ndoo na mabeseni yaliyovunjika na kuyageuza kuwa nguzo za uzio na mbao za mabenchi. Nguzo hizo haziozi wala haziliwi na mchwa, lakini zina udhaifu mmoja unaowakera wateja: waya ukishakazwa, jua la mchana huzilegeza, na baada ya miezi kadhaa zinaanza kuinamia upande wa waya. Nataka kuchanganya kijazio kutoka mashambani ili zikakamae, na pia nipunguze plastiki ninayonunua kwa kilo. Ninavyofikiria ni vitatu: pumba za mpunga, ambazo zimejaa kwenye mashine za kukoboa za Misungwi na Magu, miti ya pamba kutoka Kwimba, na nyuzi za katani. Naomba ulinganisho unaoihusu kazi hii ya nguzo.

Mhandisi wa Vifaa

Kabla ya kuchagua kijazio, hakikisha unajua plastiki uliyonayo. Selulosi ya mimea huanza kuungua na kupoteza nguvu joto linapokaribia nyuzi 200 za Selsiasi. Plastiki ya madumu, yaani polietilini nzito, huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi, na polipropilini ya viti na mabeseni mengi kwenye nyuzi 160 hadi 165, kwa hiyo zote mbili zinakuachia nafasi ya kufanya kazi. Chupa za maji ya kunywa zinahitaji takribani nyuzi 250, na hapo kijazio chochote kati ya hivyo vitatu kitakuwa mkaa kabla plastiki haijalainika. Kuzitenganisha ni rahisi: vipande vikiwekwa kwenye maji, vya madumu na mabeseni huelea, na vya chupa huzama pamoja na mabomba ya PVC, ambayo nayo hupaswi kuyaingiza kwenye mashine kwa sababu yakipashwa moto kupita kiasi hutoa gesi ya asidi inayokula chuma na mapafu.

Jambo la pili ni unyevu. Pumba inayoonekana kavu kwa macho bado inaweza kubeba maji kufikia asilimia 10 ya uzito wake, na maji hayo hugeuka mvuke ndani ya mashine na kuacha matundu katikati ya nguzo. Yanatakiwa yashuke hadi asilimia 1 au 2. Jua la Julai linasaidia sana, lakini wakati wa masika utahitaji kikaushio.

Fundi Mitambo, Igoma

Mimi nazungumza upande wa mashine. Pumba ya mpunga ikichomwa huacha majivu yanayokaribia moja ya tano ya uzito wake, na sehemu kubwa mno ya majivu hayo ni silika, madini yale yale yaliyomo kwenye mchanga. Silika hiyo husugua skrubu na silinda ya ekstruda, yaani mashine inayoyeyusha plastiki na kuisukuma nje, mchana kutwa kama msasa. Anayetaka kutumia pumba aweke gharama ya kujaza upya skrubu kwa chuma kigumu kwenye hesabu zake tangu mwanzo, kwa maana wengi huhesabu bei ya pumba tu, wakaona ni ya bure, na wakafurahi mapema.

Uliza pia pumba imetoka mashine gani. Vinu vidogo vya zamani vinavyokoboa kwa hatua moja huchanganya ganda gumu na pumba laini yenye mafuta, na mafuta hayo huzuia plastiki kushika. Vinu vya rola za mpira hutenganisha ganda likatoka safi.

Mkulima wa Kwimba

Kuhusu miti ya pamba, sisi tunaelekezwa kuing'oa na kuichoma baada ya mavuno ili wadudu, hasa funza, wasipate pa kujificha hadi msimu unaofuata. Kwa hiyo anayeihitaji aje aichukue mapema, aisage huko huko shambani au aihifadhi kwa namna isiyoacha wadudu hai, vinginevyo tutakuwa tumehamisha tatizo kutoka shamba moja hadi jingine. Ni mti hasa, una nyuzi kwenye gome na ubao ndani, ila bila kinu cha nyundo hamtaweza kuusaga.

Mhandisi wa Vifaa

Ndugu mkulima amegusa jambo la msingi. Pumba iliyosagwa ni chembe fupi: huongeza ukakamavu, lakini haiongezi sana uwezo wa kuhimili kuvutwa na mara nyingi huupunguza. Mti wa pamba hutoa chembe ndefu kidogo zenye nyuzi, kwa hiyo hubeba mzigo vizuri zaidi. Katani inashinda kwa nguvu, lakini nyuzi ndefu hazishuki kwenye hopa, yaani mdomo wa kulishia mashine, hujisokota na kuziba. Inabidi zikatwe hadi milimita 5 au 10, na skrubu huzifupisha tena.

Vyote vitatu vina kasoro moja: mmea hupenda maji na plastiki huyakataa, kwa hiyo haviungani vyenyewe. Viwanda huongeza asilimia 2 hadi 5 ya plastiki iliyopandikizwa kemikali iitwayo anhidridi ya maleiki ili iwe kiunganishi. Bila hiyo, nguzo itakakamaa lakini itavunjika ghafla ikigongwa na ng'ombe.

Mama Mwaloni, Kirumba

Naomba kuuliza kwa niaba yetu wauza dagaa: je, mchanganyiko huu unafaa kutengenezea maboya ya nyavu au vichanja?

Mhandisi wa Vifaa

Maboya hapana, mama. Plastiki yenyewe huelea, lakini ukitia asilimia 40 ya kijazio, uzito wa mchanganyiko usio na matundu hufikia takribani gramu 1.1 kwa sentimita ya ujazo, na huo unazama ziwani. Kwa vichanja, miguu na fremu zinafaa, lakini dagaa wasilale juu ya plastiki ambayo hatujui ilibeba nini zamani. Dumu la dawa ya shamba na dumu la mafuta ya kula hufanana vikishasagwa.

Karakana Nyakato (mwanzisha mada)

Nawashukuru. Nimeamua pumba safi ya rola iende kwenye mbao za mabenchi, ambazo mzigo wake ni mdogo, na nguzo zitumie mti wa pamba kwa asilimia 30. Katani naiacha, kwa kuwa mashamba makubwa yako Tanga na Morogoro na nauli itakula faida yote. Swali lililobaki ni namna ya kupima kabla sijauza.

Fundi Mitambo, Igoma

Laza nguzo juu ya matofali mawili juani, tundika mfuko wa saruji katikati, upime imepinda chini kiasi gani kila jioni, na pembeni yake weka nguzo isiyo na kijazio chini ya uzito ule ule. Waya ufungwe kwenye matundu yaliyotobolewa kwa keekee. Ukipigilia misumari, nguzo yenye kijazio itapasuka.