Familia Pongwe: Corolla ya babu irudi barabarani

Ijumaa jioni

Binti: Shikamooni wakubwa zangu. Corolla ya babu imefika kwangu leo, imevutwa kwa kamba. Kibati cha ndani ya boneti kinasoma AE110, injini 5A-FE. Imelala chini ya mwembe miaka miwili. Inawaka, ila sailensa (mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama) inapanda na kushuka, taa ya injini haizimi, na kabla haijalazwa ilikuwa inachemsha. Nina milioni moja na nusu, basi. Nataka ya kwenda kazini kila siku na Korogwe mara moja kwa mwezi. Fundi wa hapa mtaani anasema nibadilishe injini.

Mjomba Gereji: Marahaba mwanangu. Injini usiguse. Ile ni cc 1498, haina makuu, na spea zake zimejaa. Ukinunua injini ya mtumba hujui ilikotoka, halafu utaifunga kwenye rejeta ileile iliyoziba, nayo itachemsha vilevile. Pima kompresheni kwanza, yaani mgandamizo wa kila silinda. Injini iwe ya moto, plagi zote 4 nje, chomoa soketi ya distributa na fyuzi ya EFI, kanyaga mafuta hadi chini, piga stata mpaka mshale wa geji uache kupanda. Niletee namba nne.

Mjomba Gereji: Ila usiiwashe tena na petroli ya miaka miwili. Petroli iliyolala inafanya gundi, inaziba nozeli. Mwaga tangi, badilisha filta ya petroli, weka lita 10 mpya.

Binamu: Mimi ningeanza na rimu za 17, hiyo gari itapendeza sana 🔥

Shemeji Umeme: Rimu baadaye binamu. Gari hiyo mashimo yake ni 4 kwa 100. Kama ilikuwa na tairi za 165/80R13, ukiweka 185/65R14 kimo cha gurudumu kinakaribiana, milimita 594 kwa 596, spidi mita haidanganyi. Inchi 17 ni uzito, na mashimo ya barabara yetu yanapinda rimu. Bora hela iende kwenye tairi zenyewe. Angalia tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi iliyokaa juani hivyo, hata kashata (meno ya tairi) zikiwa nzima, mpira umekufa.

Shangazi: Breki je? Maana mimi ndiye nitakayepanda kwenda Korogwe.

Mjomba Gereji: Dada umesema la maana. Breki ndiyo fungu la kwanza la pesa, kabla ya sailensa na kabla ya rangi. Mbele diski, nyuma ngoma. Gari iliyolala inakamata kwenye pini za kalipa. Zitoe, zisugue kwa msasa laini, zipake grisi ya breki. Grisi ya kawaida ya beringi usiweke, inavimbisha raba na pini itakwama upya ndani ya miezi. Nyuma, funua kidogo raba ya silinda ya breki. Ukikuta maji ya breki humo ndani imeshavuja, badilisha zote mbili, kulia na kushoto. Kipimo cha mwisho cha diski kimeandikwa kwenye diski yenyewe, na cha ngoma ndani ya ngoma. Usimwache fundi apige jicho.

Mjomba Gereji: Maji ya breki toa yote, weka DOT 3 au DOT 4 ya kopo lililofungwa. Yanavuta unyevu wa hewa, na sisi huku Tanga unyevu hauhitaji kualikwa. Maji yakishaingia, breki zikipata moto mteremkoni yanachemka, pedali inazama. Kutoa upepo anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Lita moja inatosha kusafisha mfumo mzima.

Jumamosi

Binti: Kompresheni: 165, 160, 168, 162 psi.

Mjomba Gereji: Unaona? Zote juu ya 150 na hazipishani hata 15. Injini hiyo ina maisha. Sasa tutafute kwa nini inachemsha.

Shemeji Umeme: Kabla hujafungua kitu, soma kosa la taa ya injini. Huhitaji mashine. Ndani ya boneti kuna kiboksi cheusi kimeandikwa DIAGNOSIS. Fungua kifuniko, kwa ndani utaona majina ya matundu. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, weka swichi ON bila kuwasha injini, halafu hesabu taa inavyopepesa dashibodi. Ikipepesa mfululizo sawasawa hakuna kosa. Ikipepesa mara 2, ikapumzika, ikapepesa mara 2, hiyo ni 22. Angalia usiguse tundu la +B kwa bahati mbaya.

Binti: 22 peke yake. Nimerudia mara tatu.

Shemeji Umeme: Sensa ya joto la maji, ile inayopeleka habari kwa kontroboksi, kompyuta ya injini. Ichomoe soketi, pima kwa mita pini zake mbili. Kwa nyuzi 20 isome kilo-omu 2 hadi 3, kwa nyuzi 80 isome 0.2 hadi 0.4. Itie kwenye sufuria ya maji ya moto uone inashuka. Na kagua waya wake karibu na soketi, hapo ndipo panapokatika kwa ndani huku plastiki ikionekana nzima.

Binti: Sensa imekufa, haisomi chochote. Halafu nimefungua nyumba ya themostati, ile vali inayozuia maji mpaka injini ipate joto, ndani hakuna kitu. Patupu. Na maji yaliyotoka ni ya rangi ya chai.

Mjomba Gereji: Basi tumeupata. Taa ya injini ni sensa hiyo; kuchemsha na sailensa ni ugonjwa mmoja. Mtu alitoa themostati gari ilipochemsha, akaweka maji ya bomba. Bila themostati injini haifiki joto lake safari za karibu, kontroboksi inaendelea kumwaga petroli kama ya asubuhi, oili inafanya tope. Maji ya bomba yanakula alumini ya hedi (kichwa cha injini) na kutengeneza kutu na magamba yanayoziba rejeta, kwa hiyo safari ndefu bado inachemsha. Na ile vali ya sailensa chini ya throtoli inapitiwa na maji ya injini. Maji yakipungua au upepo ukinasa humo, sailensa inacheza juu chini.

Baba Mdogo: Kumbe! Mafundi wengi huku wanatoa themostati wanasema nchi ya joto haihitaji.

Mjomba Gereji: Wanakosea kaka. Themostati ya injini hii inafunguka kwenye nyuzi 82. Tanga iwe na nyuzi 33, bado injini inataka zaidi ya mara mbili ya hizo. Kitu cha kuhangaikia ni rejeta, feni na kifuniko. Binti, andika:

Rejeta itoe, ipeleke ikafunguliwe tangi na kuzibuliwa kwa fito. Kama tangi ni plastiki na mapezi ya alumini yanavunjika ukiyagusa, usitengeneze, nunua. Themostati mpya, kivalvu chake kidogo kinachotikisika kikae juu kabisa ili upepo utoke. Kifuniko cha rejeta kipya kilichoandikwa 0.9 (presha yake), kile cha zamani spring imelegea, presha haishiki, maji yanachemka mapema. Mpira wa juu na wa chini, uminye: ukilialia kama karatasi au ukiwa laini kama mkate, badilisha. Pampu ya maji angalia kitundu chake cha chini, ukiona alama ya kulia machozi imekwisha. Kwenye injini hii pampu inazungushwa na fenibelti, siyo belti ya taimingi, kwa hiyo kuitoa hakukulazimishi kugusa taimingi.

Shemeji Umeme: Feni nayo ijaribiwe. Hapa wengi wanapotea. Swichi ya joto ya feni ni tofauti na sensa ile ya 22. Kwenye hizi Toyota swichi ya feni imefunga umeme injini ikiwa baridi, na inaachia maji yakifika nyuzi 93 hivi, ndipo feni inawaka. Kwa hiyo weka ON, chomoa soketi ya swichi: feni lazima izunguke. Isipozunguka, fuata fyuzi, rilei, halafu mota. Ikizunguka, swichi ndiyo ya kushukiwa. Usikubali fundi akufungie feni moja kwa moja kwenye swichi ya gari. Itazunguka mchana kutwa, mota inakwisha na alteneta inabeba mzigo bure.

Mjomba Gereji: Kulanti: nusu kulanti nyekundu, nusu maji ya betri, yale ya kuongezea, siyo asidi. Jumla ni kama lita 6. Kabla ya hapo suuza injini kwa maji safi mpaka yatoke meupe, hita ikiwa imefunguliwa kwenye joto la mwisho. Ukijaza, inua pua ya gari kwa jeki, acha kifuniko wazi, iache iungurume mpaka mpira wa juu upate moto na mapovu yaishe. Mapovu yasipoisha kabisa, na mpira wa juu unakuwa mgumu dakika mbili tu baada ya kuwasha asubuhi, gasketi ya hedi inavujisha. Hapo hedi inashuka, inapimwa kwa rula ya chuma: ikipinda zaidi ya milimita 0.05 inapelekwa kuchongwa. Kompresheni yako ilivyo, sidhani.

Binti: Nimeona pia oili ndani ya mashimo ya plagi mawili.

Mjomba Gereji: Raba za mashimo ya plagi, ziko 4, pamoja na gasketi ya kifuniko cha vali. Nunua seti. Oili ikipanda kwenye kofia ya waya wa plagi gari inamisi (silinda inakosa moto). Waya wenyewe pima, kila mmoja usizidi kilo-omu 25. Plagi K16R-U11 ya Denso au BKR5EYA-11 ya NGK, pengo milimita 1.1. Kwa kuwa uko hapo, o-ringi ya distributa, shilingi kidogo tu, lakini ndiyo inayochafua gia boksi kwa oili na watu wakadhani sili ya krenki.

Shangazi: Belti ya taimingi nayo, hamjaitaja.

Mjomba Gereji: Inabadilishwa, dada, pamoja na puli yake ya kukazia na spring. Kilomita 100,000 ndiyo mwisho wake na hii hatujui ilibadilishwa lini. Uzuri wa 5A-FE ni kwamba belti ikikatika pistoni haigongi vali, inazima tu. Lakini kuzima kwenye barabara ya Segera usiku si jambo la kungoja. Ukishafunga, zungusha krenki kwa mkono raundi mbili kamili kwa mwendo wa saa, angalia alama zote zimerudi mahali pake. Usipige stata kabla ya hapo. Kisha taimingi ya moto: unganisha tena TE1 na E1, tumia taa ya taimingi, ikae nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu kabisa. Bila kile kiwaya kontroboksi inabadilisha yenyewe na utaseti uongo.

Jumapili

Baba Mdogo: Bodi nimeiona asubuhi. Kutu iko chini ya fenda ya kulia, kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, na chini ya zulia la dereva. Mwanangu, usipake puti juu ya kutu. Miezi mitatu inavimba tena. Ikate mpaka ukutane na bati linalong'aa, chomelea kiraka, kisha puti isiyozidi milimita 3. Ikizidi inapasuka kwa mtikisiko. Msasa 80, 180, 320, halafu praima ya epoksi, halafu wa maji 600. Kabla ya kuchomelea chomoa betri na soketi za kontroboksi. Na uzibue vitundu vya maji chini ya milango. Huko ndiko kutu ilikoanzia: majani ya mwembe yameziba.

Baba Mdogo: Rangi ya gari nzima iache. Paka sehemu hizo tu. Namba ya rangi iko kwenye kibati kilekile.

Binti: Na taa za mbele baba mdogo? Usiku sioni kitu. Binamu anasema ninunue LED.

Shemeji Umeme: Hilo nijibu mimi. Kioo cha taa hiyo kimetengenezwa kwa balbu ya H4 ya 60/55. LED ya bei rahisi inatawanya mwanga, inampofusha anayekuja na wewe mbele huoni mbali. Shida yako ni umeme kupungua njiani. Pima kwenye soketi ya balbu taa ikiwaka: ukikuta volti 10.5 wakati betri ina 13.8, mwanga umekwisha zaidi ya nusu. Weka rilei mbili, waya wa milimita 2.5, fyuzi ya ampea 20 karibu na betri, na ethi (waya wa hasi) mpya kwenye bodi iliyosuguliwa. Ila Toyota nyingi za umri huu zinakata taa upande wa ethi, waya wa pamoja wa soketi ni chanya. Seti za rilei za kununua madukani nyingi zimetengenezwa kinyume. Pima kwa mita kabla ya kuunganisha.

Shemeji Umeme: Kwa hesabu hiyohiyo badilisha waya wa ethi wa betri kwenda injini. Piga stata huku mita ikiwa kati ya hasi ya betri na chuma cha injini. Ikizidi volti 0.5 waya umeoza kwa ndani. Stata nyingi nzima zinatolewa kwa kosa la huo waya.

Binti: Shokapu za mbele zinavuja na gari inagonga kwenye matuta.

Mjomba Gereji: Shokapu nunua mbili mbili. Kugonga huko huenda ni bushi za kontrol amu au linki za stabilaiza, tikisa kwa mtaimbo mdogo gari ikiwa kwenye stendi. Ukifunga bushi mpya, bolti zake zikaze mwisho wakati magurudumu yamekanyaga chini. Ukizikaza gari ikiwa juu, raba inakaa imejipinda muda wote na inachanika mapema. Kisha wilo alaimenti.

Shangazi: Hesabu itatosha?

Mjomba Gereji: Nusu ya pesa iende breki, tairi na maji ya injini. Robo taimingi, plagi, raba na oili, ni lita 3 na kidogo, malizia kwa kijiti. Inayobaki ethi, rilei, kiraka cha bodi. Shokapu zikishindikana zingoje mwezi ujao. Breki na tairi hazingoji.

Binti: Nimeelewa mjomba. Kesho naagiza Dar sensa, themostati na kifuniko. Jumamosi natoa rejeta.

Mjomba Gereji: Wape namba ya chesisi, siyo jina la gari tu. Sensa ya kontroboksi na ya geji zinafanana kwa macho. Na piga picha ya kila mpira wa vakyumu kabla hujauchomoa, uitume hapa.