Ukoo wa Babu, Bombo: nani atasoma Pokémon Habibu akienda Arua?

Jumatano

Shangazi Zaituni 18:04
Assalam alaykum nyote. Jumamosi watoto wote kwa Babu, Bombo. Saa nne asubuhi, si saa nne ya Sauda. Kila nyumba elfu 15, tunanunua gemu moja ya likizo. Naomba majibu LEO.

Shangazi Zaituni 18:31
Naona watu kumi na mmoja wamesoma. Majibu sifuri.

Habibu 18:33
Wa alaykum salaam Shangazi. Gemu ipi?

Shangazi Zaituni 18:35
Hapo ndipo penye neno. Wewe Jumapili uko Arua kazini. Nani atawasomea maandishi ya gemu? Rama ana miaka sita, kusoma hajui, Kiingereza ndiyo kabisa. Mimi nasema Pokémon tuiache, tununue yenye sauti.

Twaha 18:35
Shangazi hapana 😭😭

Shangazi Zaituni 18:37
Twaha wewe unasoma. Jana nimekaa na Rama, wanacheza Scarlet, ile Pokémon ya 2022. Watu wa mle midomo inapanuka, mikono inarushwa, mtu analia kabisa, na sauti hakuna hata ya kukohoa. Rama akaniuliza, "Shangazi, wamenuna?"

Habibu 18:40
Na ile ya 2019, Sword, yule Piers yuko jukwaani na maiki, watu wanamshangilia, sauti yake haisikiki. Pale nilishindwa kusoma tu. Nikaimba.

Sauda 18:41
Uliimba taarabu banange 😂😂 majirani wakadhani kuna harusi

Mjomba Rajabu 18:42
Mimi nilikuja na sahani 😂

Sauda 18:42
Na kanzu!!

Shangazi Zaituni 18:44
Sauda, elfu 15.

Mjomba Rajabu 18:50
Mimi niko na Zaituni. Gemu ya Zelda ilianza 1986, ikafika 2017 ndiyo ikafungua mdomo, na watu hawakuikimbia. Final Fantasy iliongea 2001. Pokémon ipo tangu 1996, inangoja nini?

Habibu 18:56
Mjomba, hata Zelda haikuongea yote. Ni vile vipande vikubwa vya hadithi, mengine bado ni kusoma, na Link, shujaa wake, kimya mpaka leo, anaguna tu. Scarlet ilitoka siku moja dunia nzima kwa lugha tisa. Kila neno likitaka mwigizaji, zidisha mara tisa, na hadithi ikiguswa dakika za mwisho watu wote wanarudi studio. Ila pesa wanazo, kwa hilo siwatetei.

Mjomba Rajabu 18:57
Katika hizo tisa Kiswahili kimo?

Habibu 18:57
Hakimo.

Mjomba Rajabu 18:58
Baraza la mawaziri letu hapa Uganda lilikipitisha 2022 kiwe lugha rasmi. Wao wanangoja barua? 😂

Sauda 19:03
Basi sauti ikija itakuja na Kiingereza au Kijapani. Rama alikuwa haoni maana, sasa hatasikia maana. Filamu si zina sauti miaka yote? Na bado watu hapa Kampala wanataka VJ Jingo, yule mfasiri wa filamu, aongee juu yake. Habibu ndiye VJ wetu.

Shangazi Zaituni 19:04
VJ ANAHAMIA ARUA. Ndiyo shida yenyewe Sauda!!

Twaha 19:06
Mimi naweza kuwasomea

Sauda 19:09
Wewe na Swaleh mshike mashine tena? Sijasahau Idi.

Mjomba Rajabu 19:11
Sauda, lile tulilimaliza.

Sauda 19:14
Mlilimaliza ninyi. Shamimu alicheza saa 90, zikafutwa mbele ya macho yake, hakuna aliyempa pole. Mpaka leo hagusi pedi ya gemu.

Mjomba Rajabu 19:15
Swaleh alibonyeza bila kujua. Ni mtoto.

Sauda 19:17
Alibonyeza kwa sababu hakuweza kusoma. Iliandikwa pale kwamba kila kitu kitafutwa. Nami niliwaambia asiachwe peke yake.

Shangazi Zaituni 19:18
Mnaona? Ingekuwa na sauti angeambiwa.

Twaha 20:12
Babu anasema niandike kama anavyosema, nisipunguze.

"Macho yangu mnayajua. Runinga kwangu sasa ni mwanga tu. Watoto wakicheza, mimi hadithi naifuata kwa mdomo wa Habibu. Yule mwalimu wa ndani ya gemu, Habibu aliyempa sauti ya Bibi yenu, siku ya kwanza nilitoka nje, mkadhani nimekasirika. Sikukasirika. Hao wenye gemu walete sauti zao, Rama anazihitaji, na mimi nazihitaji. Ila ile ya Habibu msiifute. Na wewe Rajabu, mpigie Shamimu."

Shangazi Zaituni 21:40
Tumesikia Babu.

Alhamisi

Hajati Mwanaisha 06:15
Assalam alaykum. Simu ilizima jana. Jumamosi kuna nini? Nilete sambusa ngapi?

Habibu 06:48
Wa alaykum salaam Hajati. Nimewaza usiku. Naweza kurekodi nikiwa Arua nitume humu. Lakini rekodi haisimami. Rama akiuliza "kwa nini analia?" mimi huacha kusoma nikamweleza, ndiyo tunaendelea. Ndiyo maana nasema sauti iwekwe, na iwepo namna ya kuizima, anayetaka kusomewa na mtu wake asomewe.

Shangazi Zaituni 06:50
Basi la Arua unapanda lini?

Habibu 06:53
Jumamosi usiku nikipata nafasi. Nitapita paaka ya mabasi leo niulize.

Shangazi Zaituni 06:54
Ipate. Gemu ipi bado sijaamua. Hajati, sambusa sitini. Sauda, elfu 15.

Mjomba Rajabu 07:30
Yangu nimetuma. Sauda, namba ya Shamimu ni ileile?

Sauda 09:02
Ni ileile.

Shangazi Zaituni 09:03
Elfu 15, Sauda.