Mikunjo ya kitambaa cha nyuma: niinyooshe kwenye Photoshop au nirudie kupiga kwa karatasi?

Lenzi_Moro: Wakuu, habari. Nina picha za mahafali, nyuma kuna kitambaa cha kijivu chenye mikunjo kibao. Nimeona njia mbili: kublur (kutia ukungu) nyuma yote, au kutenganisha leya ya rangi na leya ya nyuzi. Ipi bora? Au niwaite tena niwapige kwa karatasi ya nyuma, ile ya rolu? Mteja anazitaka wiki hii.

Fundi_Leya: Mkuu, hujasema kitu. Picha ngapi? RAW (faili ghafi la kamera) au JPEG? Kitambaa ni marekani (pamba) au polista? Mtu alisimama umbali gani na pazia? Na mikunjo ni mawimbi laini, au mistari mikali ya kukunjwa kwenye pakiti? Dawa zake ni tofauti.

Lenzi_Moro: 140, RAW. Polista. Kama nusu mita hivi. Mikunjo ya aina zote mbili, mawimbi chini na mistari juu.

Dada_Softbox: Nusu mita ndiyo shida yenyewe. Lenzi ya milimita 85, tundu lake f/2.8, mtu akae mita 2 mbele ya pazia, mawimbi yanayeyuka bila kuediti. Taa nayo ikipiga kitambaa kutoka ubavuni, kila mkunjo unapata kivuli chake. Kwa hizo 140 anza na Lightroom: maski ya Background (inachagua nyuma peke yake), Texture na Clarity hadi -100, kisha sync (kunakili marekebisho kwenye picha zote). Maski inatafutwa upya kwa kila picha.

Fundi_Leya: Hiyo inapunguza tu, mistari ya pakiti itabaki. Zile za kuchapishwa kubwa zitenganishe. Nakili leya mara mbili. Ya chini weka Gaussian Blur pikseli 8 hadi 12 kwa faili la megapikseli 24, mpaka nyuzi zipotee lakini mikunjo ionekane. Ya juu, Apply Image: chagua leya ya chini, Subtract, Scale 2, Offset 128, kisha namna ya kuchanganya leya iwe Linear Light. Hizo ni namba za biti 8. Kwa biti 16 ni Add, weka tiki Invert, Scale 2, Offset 0. Mawimbi yapo kwenye leya ya chini: zungushia lasso yenye feather (ukingo laini) 40, blur 40. Mistari mikali inabaki leya ya juu, hiyo ni kazi ya Healing Brush.

Kijivu18: Kublur nyuma yote kuogope. Kuna picha ya familia, inchi 20 kwa 24, iliblurriwa pikseli 60 kwenye JPEG. Kwenye skrini safi kabisa. Ilipochapishwa, kijivu kilikatika michirizi kama ngazi, na mabegani pakawa na ukungu wa rangi ya nguo. Michirizi ni kwa sababu biti 8 ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, na blur imefuta chembechembe zilizokuwa zikiificha. Ukungu ni kwa sababu blur huchota rangi ya jirani. Ilibidi irudiwe kutoka RAW kwa biti 16: mtu akaondolewa kwanza kwenye leya ya nyuma kwa Content-Aware Fill, uteuzi ukipanuliwa pikseli 10, ndipo blur, kisha Add Noise asilimia 1.5, Gaussian, Monochromatic.

Rolu_272: Yote haya ya nini? Karatasi ya mita 2.72 kwa 11, ikichafuka chini unakata, basi.

Dada_Softbox: Karatasi ikilazwa stoo inapinda na kufanya mawimbi yake. Lazima isimamishwe wima. Polista inanyooka kwa mvuke na vibanio pembeni.

Rolu_272: Mvuke sawa, ila wengi wanakimbilia pasi ya moto. Polista inabaki na mng'ao ambao taa inaudaka, na mng'ao huo hautoki tena. Kwa marekani pasi ruksa, tena kikiwa na unyevu.

Lenzi_Moro: Nimeanza na Lightroom. Tatizo sasa ni kofia: maski inakula kishada (nyuzi zinazoning'inia kwenye kofia), kinakuwa ukungu.

Fundi_Leya: Ndani ya maski hiyohiyo bonyeza Subtract, chukua brashi, Flow 30, pita juu ya kishada. Fanya hivyo baada ya sync, picha moja moja, maana brashi haimfuati mtu akisogea. Majoho ni meusi? Kagua na ukingo wa mikono.

Rolu_272: Na hiyo karatasi umeulizia bei?