Kongosho: ukiwa na hela ya kipimo kimoja, CRP, prokalsitonini au yurea?

Zamu_ya_Usiku (Temeke): Wakuu, nina kijana wa bodaboda, miaka 34. Tumbo la juu linauma hadi mgongoni, anatapika. Lipesi (kimeng'enya cha kongosho kwenye damu) imepita mara tatu ya kikomo cha kawaida, kwa hiyo kongosho limewaka, hilo halina ubishi. Wengi hupona bila matata, ila nataka kujua mapema kama huyu atazidiwa. Kaka yake ana hela ya kuunga unga. Nianze na kipi?

Mrija_Mwembamba: Lipesi usiirudie, imeshamaliza kazi yake. Iwe mia sita au elfu tatu, haikwambii nani atazidiwa.

Dada_Mbagala: Mimi CRP, protini ya damu inayopanda mwili ukiwaka. Ikivuka 150 mg/L kwenye saa 48, jiandae. Ila usiipime usiku huu! Hutengenezwa na ini na huchelewa kupanda. Utaona namba ndogo ulale usingizi wa pono.

Mzee_wa_Wadi: Sasa hizo saa 48 akae anangoja nini? Kongosho likiwaka, mishipa midogo inavuja, maji yanatoka kwenye damu, damu inabaki nzito. Hematokriti (asilimia ya damu ambayo ni seli nyekundu) ikizidi 44 anapolazwa ni onyo. Isiposhuka baada ya saa 24 za drip, hapo ndipo uogope. Yurea nayo, taka inayotolewa na figo, ukiiona inapanda siku ya kwanza, usiondoke kitandani kwake. Ndiyo maana imo kwenye BISAP ya 2008, orodha ya alama za kukadiria hatari, yenye mambo matano tu. Ranson ya 1974, ya kazi hiyohiyo, ina 11, na mengine mpaka saa 48 zitimie. Vipimo viwili rahisi vikirudiwa vinanishawishi kuliko kimoja cha bei.

Mrija_Mwembamba: Naongezea, maana hapa watu huteleza. BISAP inahesabu naitrojeni ya yurea ikizidi 25 mg/dL. Mashine nyingine hutoa yurea nzima, na hapo kikomo hichohicho kinasomeka kama 54 hivi. Kwa mmol/L ni 8.9. Uliza maabara kabla ya kumtisha kaka wa watu.

Mama_Wawili: Samahani madaktari, mimi si mtaalamu. Baba alipolazwa tulilipia prokalsitonini siku ya kwanza, na hakuna aliyetueleza ni ya nini.

Dada_Mbagala: Pole mama. Hiyo hupanda bakteria wakishambulia mwili; kwa kawaida naiweka akiba ya wiki ya pili, homa ikirudi, tukihofia bakteria wameingia kwenye sehemu ya kongosho iliyokufa. Ikiwa chini, inatuzuia kukurupukia antibayotiki.

Mzee_wa_Wadi: Na wewe wa zamu, usimfurikishe maji ili hematokriti ikupendeze. Utafiti wa WATERFALL wa 2022 ulisimamishwa kabla ya wakati: drip za kasi ziliwajaza wagonjwa maji, nafuu haikuonekana.

Zamu_ya_Usiku: Mrejesho, jioni ya pili. Jana umeme ulikatika sentrifyuji (mashine ya kuzungusha damu) ikiwa katikati, ikabidi tuchome kidole upya. Nikausoma mrija kwa tochi ya simu: hematokriti 48. Leo 43. Yurea imetoka 9.6 hadi 7.1 mmol/L, mfuko wa mkojo umefika nusu, na anauliza kama pikipiki yake iko salama. Hela ya CRP nimemwambia kaka aishike hadi kesho usiku.

Mrija_Mwembamba: Sampuli ya CRP iletwe kabla ya saa nne, vitendanishi vimebaki vichache.