Nimepata uraia hapa Utah: je, muumini wa Kanisa anaweza kuwa Mdemocrat?

KIJANA WA KAYOLE (West Valley City)

Wapendwa, habari za Jumapili. Nilibatizwa Nairobi katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho (Wamormoni) nikiwa kidato cha tatu, nikatumikia misheni, kisha maisha yakanileta Utah. Mwaka jana niliapishwa kuwa raia wa Marekani, na sasa ndiyo mara yangu ya kwanza kupiga kura huku. Fomu ya kujiandikisha ina sehemu ya kuchagua chama. Hapo ndipo nimekwama.

Juzi baada ya akidi ya wazee (mkutano wa wanaume wenye ukuhani) nilimwambia ndugu mmoja, Mzungu, mtu mwema sana aliyenibebea makochi siku nilipohama, kwamba nafikiria Democratic. Alinyamaza, kisha akaniambia kwa upole niombe kwanza, maana chama hicho kinatetea mambo ambayo manabii wameyakataa. Sikumjibu. Neno lake limenikaa moyoni wiki nzima.

Mimi niko hivi. Kuhusu ndoa na uhai wa mtoto tumboni naamini yale Kanisa linafundisha, sitafuti pa kukwepea. Lakini nafanya kazi ghalani usiku na naona wenzangu wanaogopa kwenda hospitali kwa sababu ya bili. Naona wahamiaji wanavyosemwa kwenye televisheni. Katika tawi letu kule Nairobi tulikuwa Wakikuyu, Waluo, Wakamba, Waluhya, kila mtu na mgombea wake, na hata 2017 joto lilipopanda sikumbuki mtu akipima imani ya mwenzake kwa kura. Huku naona kura imekaa karibu mno na kibali cha hekaluni, ile ruhusa ya kuingia hekaluni baada ya kuhojiwa na viongozi. Naomba mliokaa muda mrefu mnieleze: hili ni fundisho, au ni mazoea ya watu wa Utah? Na rais wa kigingi, kiongozi wa matawi ya eneo letu, ana haki ya kuniuliza?


MAMA ATIENO (Taylorsville)

Mwanangu, hongera kwa uraia. Mimi nimekaa Utah tangu watoto wangu wakiwa shule ya msingi, sasa nina wajukuu. Ni Mdemocrat, nafundisha katika Muungano wa Usaidizi (chama cha akina mama), na kibali changu cha hekaluni kiko hai. Nikihojiwa naulizwa kuhusu imani yangu kwa Mungu, zaka, Neno la Hekima (amri yetu ya afya, kama kutokunywa pombe), uaminifu wangu kwa watu. Chama hakimo. Kiongozi yeyote akikuuliza umempigia nani, amevuka mpaka wa wito wake. Kila unapofika uchaguzi husomwa barua ya Urais wa Kwanza (Rais wa Kanisa na washauri wake) kwamba Kanisa halina chama wala mgombea.

Huyo ndugu aliyekubebea makochi usimwekee kinyongo. Anasema alichokikuta. Ila alichokikuta hakikuanza na Joseph Smith, mwanzilishi wa Kanisa.

Zamani Utah haikuwa na Warepublican wala Wademocrat. Kulikuwa na People's Party, chama cha waumini, na Liberal Party, chama cha waliowapinga. Washington isingeipa Utah hadhi ya jimbo wakati Kanisa lina chama chake, kwa hiyo mwaka 1891 People's Party ikavunjwa. Likazuka tatizo jingine: waumini wengi walikuwa tayari kukimbilia Democratic wote, kwa sababu Warepublican ndio walioandika kwenye ilani yao ya 1856 kwamba ndoa ya mitala na utumwa ni mabaki mawili ya ushenzi, na ndio waliosukuma sheria za kuwafunga waume wenye wake wengi. Viongozi wa Kanisa wakawahimiza baadhi ya watu waingie Republican ili jimbo lisiegemee upande mmoja. Wazee wa huku husimulia kwamba maaskofu wengine waligawa mkutano kwa kufuata njia ya katikati ya viti: mliokaa huku Republican, mliokaa kule Democratic. Jimbo likapatikana Januari 1896, na Novemba ya mwaka uleule Utah ikampa kura zake Mdemocrat, William Jennings Bryan, kwa wingi mkubwa.

Kisha Franklin Roosevelt. Utah ilimchagua mara zote nne, 1932, 1936, 1940 na 1944. Rais wa Kanisa wakati huo, Heber J. Grant, hakumpenda kabisa, na mwaka 1936 gazeti la Kanisa, Deseret News, likaandika tahariri ya kumpinga. Waumini wakasoma, wakaenda kumpigia Roosevelt. Tena Desemba 1933 Utah ndiyo iliyokuwa jimbo la 36 kuridhia kuondolewa kwa marufuku ya pombe, kura iliyokamilisha hesabu ya taifa zima, na Rais Grant alikuwa amewasihi wasifanye hivyo. Hakuna aliyefukuzwa Kanisani kwa ajili ya kura ile.

Mara ya mwisho Utah kumchagua rais wa Democratic ni 1964, Lyndon Johnson. Baada ya hapo mambo yakageuka. Mahakama ya Juu ya Marekani ikahalalisha utoaji mimba 1973. Kuanzia 1976 Kanisa likapinga wazi marekebisho ya Katiba kuhusu usawa wa wanawake, na Desemba 1979 Sonia Johnson, aliyeyapigania, akatengwa na Kanisa. Kulikuwa pia na Mtume Ezra Taft Benson, aliyekuwa waziri wa kilimo wa Eisenhower kwa miaka 8 na baadaye akawa Rais wa Kanisa. Mwaka 1974 aliulizwa kama Mormoni mwema anaweza kuwa Mdemocrat wa mrengo wa kiliberali, akajibu kwamba itakuwa vigumu sana kama mtu huyo anaiishi injili na kuielewa. Maneno hayo bado yanatembea kwenye kumbi za makanisa ya huku. Ndiyo uliyoyasikia baada ya akidi.

Lakini katika enzi hizohizo alikuwepo Hugh B. Brown, mshauri katika Urais wa Kwanza kuanzia 1961, Mdemocrat asiyejificha. Na sasa nazungumza kama mwanamke mweusi, kwa sababu hapa ndipo suala hili linaponigusa mfupa. Hadi Juni 1978 mume wangu, kwa kuwa ni mweusi, asingeweza kupewa ukuhani, na sisi wawili tusingeunganishwa hekaluni. Brown alitaka zuio lile liondolewe, akafa 1975 hajaliona likiondoka. Stewart Udall, Mdemocrat wa ukoo wa Kimormoni, waziri wa mambo ya ndani wa Kennedy na Johnson, aliandika hadharani mwaka 1967 kulipinga zuio hilo. Na George Romney, gavana wa Michigan, Mrepublican, alitetea haki za watu weusi hata mtume mmoja alipomwandikia barua 1964 kumwonya. Angalia vyama vyao. Waliosimama upande wangu kabla sijajulikana walikuwa pande zote mbili, na waliokaa kimya pia walikuwa pande zote mbili.

Kuhusu yale ya Benson, Kanisa lenyewe liliona yamezidi. Mwaka 1998 Marlin K. Jensen, mmoja wa Viongozi Wakuu wenye Mamlaka na Mdemocrat, alitumwa na Urais wa Kwanza azungumze na gazeti la Salt Lake Tribune aseme kwamba si vizuri watu kudhani muumini mwema hawezi kuwa Mdemocrat. Wakati huohuo James E. Faust, aliyewahi kuwa mbunge wa Democratic katika bunge la Utah, alikuwa mshauri katika Urais wa Kwanza. Juni 2023 ikaja barua ya kusomwa mikutanoni: kupigia chama kimoja orodha nzima bila kuwachunguza wagombea ni tishio kwa demokrasia na hakupatani na viwango vilivyofunuliwa. Nilikuwa nimekaa safu ya tatu. Nilifungua simu hapohapo nikaisoma mara ya pili.


BABA FURAHA (Salt Lake City)

Mama Atieno, asante kwa mafundisho, nakuheshimu sana. Mimi natoka Uvira, nilipita kambini Tanzania kabla ya kufika huku. Nimejiandikisha Republican na ninataka kijana asikie kwa nini, kwa sababu watu wanafikiri sisi wakimbizi tunapotea njia tukifanya hivyo.

Nimekua chini ya serikali ya Mobutu iliyoahidi kila kitu. Mwalimu hakulipwa, muuguzi hakulipwa, na aliyekulisha ni ndugu yako na kanisa. Nilipofika hapa bila kitu, askofu alinipeleka kwenye ghala la Kanisa nikachukua unga, maharage, maziwa, sabuni. Vyote vimetoka kwenye matoleo ya mfungo, watu wameacha milo miwili wakatoa fedha yake. Mpango huo ulianzishwa 1936, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi wa Marekani, kwa sababu viongozi waliogopa watu wazoee kulishwa na serikali. Mimi nauamini moyo huo, na kwa macho yangu Warepublican wanauelewa zaidi.

Tena usisahau Gary Herbert, aliyekuwa gavana wa Utah, Mrepublican na muumini. Oktoba 2019, Washington ilipokuwa inafunga mlango wa wakimbizi, yeye alimwandikia Rais Trump akiomba Utah iletewe wengi zaidi. Familia ya mke wangu ilikuwa bado inasubiri. Barua ile tuliisoma mezani kwa sauti.

Na kijana, hekaluni unaulizwa kama unaunga mkono mafundisho yaliyo kinyume na ya Kanisa. Chama hakiulizwi, ni kweli, lakini swali hilo lipo. Ukiwa Democratic utalibeba kila unapowatetea wanaotaka utoaji mimba uwe huru.


MAMA ATIENO

Baba Furaha, nimekusikia, na habari ya ghala inanigusa, nami nimewahi kulibeba boksi lile. Ila kwenye utoaji mimba tuseme Kanisa linavyosema lenyewe. Linaupinga unapofanywa kwa kupenda au kwa urahisi wa mtu, na linakubali kuwe na nafasi: mimba ya kubakwa au ya ndugu wa damu, maisha au afya ya mama kuwa hatarini sana, mtoto ambaye madaktari wameona hataishi baada ya kuzaliwa. Hata hapo familia iombe na ishauriane na askofu. Na kuhusu miswada ya sheria, Kanisa limesema haliungi mkono wala halipingi. Kwa hiyo mtu anayetaka sheria ipige marufuku kila kitu naye amesimama mbali na Kanisa, na sijasikia akitishwa kwa swali la hekaluni.

Sisemi Kanisa hukaa pembeni siku zote. Mwaka 2008 California liliwaomba waumini watoe muda na fedha kuzuia ndoa za jinsia moja, na walitoa kweli. Lakini mwaka 2015 lilisimama na sheria ya Utah iliyokataza kumfukuza mtu kazini au nyumbani kwa sababu ya jinsia anayoipenda, na 2022 likaunga mkono sheria ya Washington iliyolinda ndoa hizo pamoja na uhuru wa makanisa. Mhafidhina anayefuata chama tu alikasirika mara mbili hizo. Mliberali anayefuata chama tu alikasirika 2008.


DADA ZAWADI (Mesa, Arizona)

Niongeze la huku kwetu. Mesa ilianzishwa na waanzilishi wetu, na wanasiasa waumini ni wengi. Rusty Bowers alikuwa spika wa baraza la wawakilishi la Arizona, mhafidhina wa damu. Baada ya uchaguzi wa 2020 Trump na wakili wake walimwomba asaidie kubadilisha wajumbe wa kumchagua rais. Akakataa. Juni 2022 aliiambia kamati ya bunge la Washington kwamba ni sehemu ya imani yake kuamini Katiba ilitolewa kwa uvuvio wa Mungu, na asingeweza kuivunja kwa sababu ameombwa. Chama chake cha jimbo kikampa karipio, na Agosti akashindwa kwenye mchujo wa useneta wa jimbo.

Miaka miwili kabla Mitt Romney alikuwa seneta wa kwanza kupiga kura ya kumtia hatiani rais wa chama chake mwenyewe, naye akasema ni kwa sababu ya kiapo mbele za Mungu. Upande wa pili Harry Reid, kiongozi wa Wademocrat katika Seneti, alikwenda BYU, chuo kikuu cha Kanisa, mwaka 2007 akawaambia wanafunzi kwamba yeye ni Mdemocrat kwa sababu ni Mormoni. Kijana, watatu hao wameshika kitabu kimoja. Usikubali mtu akuambie imani yako ina mgombea.


KIJANA WA KAYOLE

Mama, Baba, Dada, asanteni mno. Baba Furaha, sikuwa nimefikiria upande wa ghala, nitaubeba. Bado naelekea Democratic. Swali la mwisho: rafiki yangu kazini ananiambia hata kama moyo wangu uko huko, nijiandikishe Republican, kwa sababu Utah mambo huamuliwa kwenye mchujo wao. Ni kweli?


MAMA ATIENO

Ni kweli kwamba mchujo wa Republican umefungwa, lazima uwe umejiandikisha nao ndipo upewe karatasi yao, na katika kaunti nyingi za Utah mshindi hapo ndiye mshindi. Mchujo wa Democratic uko wazi hata kwa asiye na chama. Kwa hiyo Wademocrat wengi hujiandikisha Republican ili wapate sauti. Siwahukumu, ila mimi nimekataa. Sitaki kuandika kwenye karatasi ya serikali kitu nisichokimaanisha, halafu Jumapili nifundishe akina mama uaminifu.

West Valley iko kaunti ya Salt Lake, na huko Wademocrat hushinda viti kweli, kwa hiyo kura yako ya mchujo haitapotea upande wowote utakaochagua. Kuna tarehe ya mwisho ya kubadili chama kabla ya mchujo, piga simu ofisi ya karani wa kaunti leo usingoje. Fanya saini ya fomu ifanane na ya leseni yako ya udereva. Na ukitaka, kwenye mkutano wa chama wa mtaa wa Machi nitakupitia na gari.