Ati "una hakika ulisoma hapa?" Huyu wa masijala atanitia presha

Mkunguni: Wanajamvi, salamu baadaye, moyo unachemka. Mnamjua yule bwana wa masijala ya chuo, yule wa miwani utosini na mabuyu mdomoni. Simtaji. Aliyewahi kupanga foleni pale amjua.

Nimevuka kwa boti kutoka Lamu hadi Mokowe, bara, basi likanitikisa mpaka figo zikabadilishana upande, yote kwa karatasi moja: maelezo ya masomo ya kozi yetu ya zamani. Ninakotaka kuendelea na masomo wanataka kujua nilifundishwa nini. Jamaa akazungusha buyu shavuni, akatemea mbegu juu ya faili la mtu, akaniuliza: "Una hakika ulisoma hapa?"

Mimi! Niliyelala bweni lile la paa la kuvuja!

Ati kozi "haimo kwenye mfumo", mtaala ulipitiwa upya na jina likabadilishwa. Kwa hiyo na sisi tumeyeyuka? Kozi haidondoki kama embe. Idara iliiandika, bodi ya kitivo ikaijadili, seneti ya chuo ikaipitisha, ikapelekwa kwenye Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, Nairobi. Kila kikao kina kumbukumbu zake. Ziko wapi? Kanionyesha kabati: masanduku yamerundikana, na juu yake paka amezaa. Wallahi paka ndiye mtunza nyaraka. Hati ya Utendi wa Tambuka, shairi la kale, iliandikwa Pate 1728 na bado yasomwa, mtaala wa juzi umemshinda paka! Naye anatafuna tu. "Una hakika ulisoma hapa?" Kwa sauti, foleni nzima isikie. Kuna binti wa mwaka wa kwanza alicheka mpaka akakaa chini.

BintiShela: Swali halikuwa baya lakini. Nimesoma uzi wako hadi mwisho na mimi nauliza lilo hilo.

Mkunguni: Bi Shela, niache.

BabaGede: Wewe shukuru uliulizwa. Mimi alinitazama, akafunga dirisha, akaenda kuswali adhuhuri. Mpaka leo yuko sijda.

WakiliWaBarazani: Kijana, andika ombi rasmi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 yawapa siku 21 kukujibu. Wakinyamaza, wapeleke kwa Ombudsman, mpokea malalamiko ya umma.

Mkunguni: Ombi nimpe nani, shekhe? Anayepokea barua ni yeye! Ataniuliza kama nina hakika niliandika.

MwanaMalindi: Nyinyi mna masijala ya kulalamikia. Mwenzenu transkripti yangu imeandikwa jina la mtu mwingine, na huyo mtu ana alama mbaya kuliko zangu.

BabaGede: Mbaya kuliko zako? Haiwezekani.

BintiShela: Huyo paka ni wa rangi gani? Wangu amepotea tangu Maulidi.

Mkunguni: Mtu ametukanwa mbele ya watu, wewe waulizia paka!

BintiShela: Wewe ndiye uliyemtaja.

AbuHidabu: Tuacheni na paka. Boti ya Mokowe siku hizi ni bei gani? Jana nimetozwa nauli ya watalii, na mimi nimezaliwa Langoni, babangu kazaliwa Langoni.

MwanaMalindi: Huyo ni nahodha wa kofia nyekundu. Hana aibu yule. Alinivisha koti la kuokolea lisilo na hata kamba moja.

Mkunguni: Jamani, na kozi yangu je?

AbuHidabu: Subiri kidogo, yakhe. Hilo koti lilikuwa la mtu mzima au la mtoto? Maana mimi langu lilinifika kifuani.