Bimkubwa katetemeka kwenye dripu ya rituksimabu, tuendelee au tuache?

Mtoto wa Nkuhungu: Wakuu habari zenu. Bimkubwa ana limfoma, ile saratani inayoanzia kwenye chembe nyeupe za damu, wiki jana ndo kaanzishwa dawa yake, rituksimabu, hapahapa Dodoma. Haikupita hata saa moja akaanza kutetemeka meno yanagongana, khanga mbili na blanketi juu bado analia baridi na jua letu mnalijua, mara shingo ikatoka mapele. Nesi akafunga dripu, wakamchoma sindano, baadae wakairudisha kidogokidogo ikaisha magharibi. Sasa mama mdogo kaja toka Kibaigwa anasema ile ni sumu, bora miti shamba. Kuna aliyepitia hii?

Zabibu Kavu: Pole mkuu. Mzee wangu hivyohivyo. Kuna chembe za damu zinaitwa seli B, dawa inazikamata inaziua, zikifa nyingi kwa pamoja mwili unawaka, ndo homa na baridi. Dozi ya kwanza ndo ina fujo, zinazofuata mara nyingi nafuu, ya pili mzee alikoroma mpaka wagonjwa wenzie wakacheka. Ila ile ya kwanza alijikaza, koo linabana kanyamaza tu, nikashtukia mdomo umevimba. Mwambie mama aseme mapema hata akiwashwa sikio.

Nesi Mstaafu: Mwanangu, mama yako mdogo msikilize kwa heshima ila miti shamba hapana, ini likiharibika daktari hatajua alaumu kipi. Na hapo kwenye ini ndo nataka uangalie. Kabla ya dawa hii anapimwa homa ya ini B, vipimo viwili, cha virusi vyenyewe na cha kuonyesha kama aliwahi kuupata zamani, maana virusi vilivyolala miaka vinaweza kuamka hata miezi kadhaa baada ya dripu ya mwisho. Vikionekana anapewa vidonge vya kuvizuia na haviachwi siku dripu zikiisha. Pia presha anameza dawa? Dripu inashusha presha, wengine huambiwa waruke dozi ya asubuhi ile, muulize daktari usimkatishe wewe. Homa ikifika 38 au macho yakiwa njano, hospitali siku hiyohiyo, msingoje kliniki.

Mtoto wa Nkuhungu: Shikamoo mama, asante. Nimepekua faili usiku huu, cha virusi kipo, hicho cha zamani sikioni. Na vidonge vya presha kavimeza na uji asubuhi ileile, hatukuulizwa. Kesho saa moja niko mlangoni kwa daktari, mama mdogo nimemwambia tuende wote.